Njia ni Wazi? Wapeleka Ruhusa, kutoka Reli ya Tanga hadi Waifai ya Ngamiani

Reli ndiyo inayoigawa Tanga. Upande wa kaskazini kuna bandari, benki, ofisi na majengo yaliyoachwa na Wajerumani; upande wa kusini ni Ngamiani, kata tatu za Kaskazini, Kati na Kusini, zenye barabara zilizonyooka ambazo wenyeji huzitaja kwa namba tu, ya saba, ya kumi na mbili, ya kumi na nne, mpaka hesabu inapita ishirini. Anayeandika historia ya eneo hili mara nyingi hukimbilia muziki, na hakosei, maana mji uliotoa Jamhuri Jazz, Atomic Jazz, Black Star na Lucky Star una haki ya kuringa. Lakini ipo historia nyingine iliyopita palepale relini, ya kazi isiyopigiwa makofi: kazi ya mtu, na siku hizi ya programu, anayepokea taarifa kwa mmoja na kuifikisha kwa mwingine mwenye mamlaka ya kusema "pita" au "subiri". Yeye mwenyewe haamui lolote. Hoja ninayoitetea ni kwamba mpeleka ruhusa wa namna hii huzaliwa pale ambapo anayeona na anayeamua wako chini ya mabwana wawili tofauti. Na kwamba tangu enzi za simu ya waya hadi waifai ya nyumbani, watu wamejitahidi kumkagua anayeomba kuingia, wakamtukuza anayeruhusu, na kumwacha mpeleka habari akaguliwe mwisho, kwa kawaida baada ya jambo kuharibika.

Tuanze na reli. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893 chini ya kampuni binafsi ya Kijerumani, ukakwama kwa ukata, na serikali ya koloni ikaichukua njia hiyo mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, jumla ya kilometa takriban 350 za reli yenye upana wa mita moja. Ilikuwa njia moja, na njia moja ina sharti lake: treni mbili zinazoelekeana hazina pa kupishana isipokuwa stesheni. Stesheni masta anaiona treni iliyosimama mbele yake, hesabu ya mabehewa na moshi wa kichwa, lakini haioni ile iliyoko stesheni inayofuata. Mwenzake wa huko naye yuko vivyo hivyo. Kila mmoja ana nusu ya habari, na ruhusa ya kuondoka haiwezi kutoka mpaka nusu hizo zikutane. Kinachozikutanisha ni waya uliopita kando ya reli na mtu aliyekaa mwisho wa waya huo. Huyo ndiye ninayemfuata. Si dereva, si stesheni masta, wala si mkuu wa reli aliyetunga kanuni.

Udhaifu wa mpangilio huu ulikuwa umeshaonekana huko Uingereza kabla reli ya Tanga haijapigwa msumari wa kwanza. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, katika njia moja kati ya Norwich na Brundall, treni ya haraka iliyotoka London ilikuwa imechelewa. Mkaguzi wa zamu wa Norwich, Cooper, akawaza kuiruhusu treni ya barua iliyokuwa ikisubiri Brundall ije kwanza. Akamwambia kijana wa simu, Robson, aandike ujumbe wa ruhusa. Kanuni ilisema ujumbe wa aina hiyo usipelekwe mpaka mkaguzi autie sahihi. Robson akauandika, akaupeleka bila sahihi. Muda mfupi baadaye treni ya London ikaingia, na Cooper, akiamini kwamba ruhusa ya Brundall haijatoka, akaiachia iendelee. Alipogundua, akaamuru ujumbe ufutwe. Jibu kutoka Brundall lilikuwa kwamba treni imeshaondoka. Watu 25 walikufa pale treni hizo mbili zilipogongana karibu na Thorpe, gizani, mvua ikinyesha.

Cooper alikuwa na mamlaka ya kuruhusu, na Brundall ilitii ruhusa iliyopokea kama ilivyopaswa. Waya haukukatika, wala herufi haikukosewa. Kilichokosekana ni njia ya Brundall kujua kama maneno yaliyofika ni uamuzi wa mkaguzi au ni wazo lake lililokimbizwa kabla ya wakati. Sahihi ilikuwapo kwenye kanuni, lakini ilikuwa inabaki Norwich, juu ya karatasi. Haikuwa inasafiri na ujumbe. Yaani ukaguzi wa mpeleka habari ulikuwa umeachiwa mpeleka habari mwenyewe. Dawa iliyofuata ilikuwa ya vyuma. Mwaka 1878 Edward Tyer alitoa mtambo wa vibao, ambamo mashine za stesheni mbili zimefungamanishwa kwa umeme kiasi kwamba kibao kimoja kikitoka upande mmoja, hakuna kingine kinachoweza kutoka upande wowote mpaka hicho kirudishwe. Dereva asiposhika kibao mkononi, haondoki. Simu ya waya ilikuwa imeshatumika kwenye reli za Uingereza kwa takriban miaka arobaini ndipo waya ulipofungamanishwa na kibao.

Mtu anaweza kusema kwamba nimeruka kutoka Tanga hadi Norwich kwa sababu Tanga haina kisa cha kutosha. Si kweli, Tanga ina kisa kikubwa kuliko hicho, ila kinaonyesha upande wa pili wa hoja. Mwambao ulikuwa umeshaunganishwa na dunia kwa waya wa chini ya bahari uliofika Unguja mwaka 1879 kutoka Aden, na Wajerumani walipotwaa pwani hii waliwahi kuvuta waya wao kuunganisha miji ya mwambao. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Waingereza zilitokea mbele ya Tanga zikiwa zimebeba jeshi la takriban watu 8,000, wengi wao kutoka India. Nahodha wa manowari ya Fox, Caulfeild, akatoa onyo kwa mkuu wa wilaya, Auracher. Auracher akaomba muda, na muda huo waya ulikuwa ukifanya kazi. Habari ilimfikia kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, upande wa Moshi siku hiyohiyo, askari wakaanza kupakiwa kwenye mabehewa, na usiku wa kuamkia tarehe 4 kamanda mwenyewe alikuwa ameshafika nje ya mji. Siku hiyo jeshi la watu kama elfu moja likalirudisha baharini jeshi lililolizidi mara nane.

Wanaosimulia vita hivi hupenda nyuki waliowavamia wapiganaji, na kisa cha nyuki ni kizuri kweli. Kwangu mimi la kuuliza ni hili: kwa nini kamanda aliyeko mamia ya kilometa aliamini maneno ya waya, akaiacha mipaka ya Kilimanjaro ikiwa na ulinzi mwembamba na kuleta watu wake pwani kwa treni chache alizokuwa nazo? Jibu analitoa mwenyewe katika kumbukumbu zake za vita: kabla ya hapo alikuwa ameshaona barua zilizokamatwa kutoka kwa adui zilizoeleza kwamba uvamizi kutoka India unakuja. Ujumbe wa Tanga haukufika peke yake. Ulikuta ushahidi mwingine uliopita njia nyingine, ambao mpeleka simu hakuugusa. Wajerumani hawakuwa na kibao cha Tyer cha kuthibitisha habari za vita, lakini walikuwa na kitu kilichofanya kazi ileile: njia mbili zisizotegemeana zinazosema jambo moja.

Waliokaa kwenye mashine za simu ya waya na meza za ofisi hawakuwa Wazungu peke yao. Shule ya serikali ya Tanga, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilikuwa kiwanda cha makarani, wakalimani na wafanyakazi wa ofisi waliosambazwa koloni zima. Utawala wa Waingereza ulipoingia, mfumo huo haukubadilika sana. Karani Mwafrika aliandika barua asiyoitunga, akaitafsiri amri asiyoitoa, akampelekea mkuu wa wilaya malalamiko ambayo hakuwa na uwezo wa kuyaamua. Martin Kayamba, karani wa ofisi ya wilaya ya Tanga, ndiye aliyeongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika mwaka 1922, hapahapa Tanga, chama ambacho wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa miongoni mwa vitangulizi vya African Association na hatimaye TANU. Naona hilo si sadfa. Watu ambao kazi yao ilikuwa kufikisha tu walikuwa wa kwanza kuona jinsi mamlaka yote yanavyopita mikononi mwao, na jinsi wanavyohesabika kama samani za ofisi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na daftari la walipa kodi, na mashamba ya mkonge yalikuwa na kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku za kazi, cha kila mfanyakazi. Aliyekuwa akiziandika kumbukumbu hizo ndiye aliyetazamwa kidogo kuliko wote.

Sasa turuke miaka kama sabini na mitano, maana katikati hapo simu ya mezani, simu ya upepo ya polisi na teleksi zilirudia mambo yaleyale kwa sura tofauti kidogo. Waifai ilipata kanuni yake ya kwanza mwaka 1997, na ulinzi wake wa kwanza, WEP, haukuwa na mpeleka habari hata kidogo. Neno la siri lilikaa ndani ya kadi ya redio na kutumika hapohapo. Hakukuwa na wa kuulizwa wala wa kuuliza. Urahisi huo ulidumu miaka minne. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba ufunguo unaweza kupatikana kwa kusikiliza tu data inayopita hewani, na baada ya hapo kila aliyekuwa na kompyuta ya mkononi na subira aliweza kuingia. Marekebisho yaliyofuata, kwanza WPA mwaka 2003, kisha kanuni kamili ya mwaka 2004, yalirudi kwenye mpango wa reli: kuwe na mwombaji, kuwe na mlinzi wa mlango, na kuwe na hakimu anayeamua. Na hapo hakimu na mlango vilipotenganishwa, ikabidi apatikane wa kwenda na kurudi kati yao.

Chukua simu inayojiunga na waifai ya nyumba moja ya Barabara ya Kumi na Mbili, ruta ikiwa ni mojawapo ya zile nyingi zinazotumia chipu za Broadcom. Chipu ya redio inasikia mwito wa simu. Programu inayoiendesha chipu hiyo, draiva, inatoa tukio: kifaa chenye namba fulani kimejiunga. Tukio hilo linafungwa kwenye fremu yenye alama maalumu ya kampuni, 0x886C, wakati maneno ya uthibitishaji yenyewe yanasafiri chini ya alama nyingine, 0x888E. Programu ndogo iitwayo eapd, ambayo mwenye nyumba hataiona popote kwenye kurasa za mipangilio, imekaa ikisubiri alama hizo mbili. Ikizipata, inatazama orodha ya programu zinazotaka tukio la aina hiyo, inazipelekea, kisha inarudi kusubiri. Mmoja wa wapokeaji ni nas, hakimu wa ruta. Hakimu anatunga namba ya bahati nasibu na kumrudishia eapd, naye anaikabidhi kwa draiva irushwe hewani. Simu inajibu kwa namba yake na muhuri unaothibitisha kwamba inalijua neno la siri bila kulitamka. Jumbe nne zinapita hivyo, huku na huku, chini ya sekunde moja. Baada ya hapo nas inaikabidhi draiva ufunguo moja kwa moja. Ufunguo haupiti kwa mpeleka habari.

Kwa nini mpeleka habari huyo awepo? Jibu la haraka ni kwamba kazi imegawanywa ili iwe salama, na jibu hilo linapendeza zaidi kuliko historia inavyoruhusu. Ruta ya Linksys WRT54G ilipotoka mwishoni mwa mwaka 2002, ndani yake kulikuwa na Linux. Watu wakagundua, wakadai haki yao ya kupewa msimbo kwa mujibu wa leseni ya GPL, na mwaka 2003 wakaupata. Lakini sehemu mbili muhimu hazikuwamo: draiva ya redio, na nas. Hizo zilibaki zimefungwa. Kwa hiyo mwenye kusikia alikuwa wa bwana mmoja na nyumba iliyobaki ilikuwa ya bwana mwingine. Mwaka 2007 ikaja WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kuingiza namba, na sasa programu zaidi ya moja zilitaka kusikia tukio lilelile kutoka kwa draiva ileile. Katika hali hiyo eapd ni karani wa mapokezi anayegawa barua za ofisi nzima. Hakuwekwa ili kulinda mlango. Aliwekwa kwa sababu wenye nyumba hawakuwa wamoja.

Ushahidi wa hilo ni mpango mbadala. Katika mifumo iliyo wazi, programu ya hostapd iliyoandikwa na Jouni Malinen inapokea matukio ya redio kutoka kwenye kiini cha Linux kwa njia inayojulikana na wote, na inaamua yenyewe. Hakuna haja ya mtu wa kati anayejitegemea, kwa sababu hakuna ukuta wa umiliki wa kuvuka. Msomaji aliye makini atauliza basi: kama mpeleka habari si lazima, historia yake ina uzito gani? Uzito wake ni uleule wa Robson. Reli isiyo na simu ya waya ingewezekana, na ilikuwapo. Lakini palipowekwa simu ya waya, palizaliwa nafasi mpya ya kukosea na ya kughushi, na nafasi hiyo haikuondoka kwa sababu tu aliyeiunda hakuikusudia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba binadamu na programu havilingani. Robson alikuwa kijana aliyekuwa kazini usiku. Angeweza kuchoka, kuogopa, kutaka kumridhisha mkubwa. Kayamba na wenzake walikuwa na maslahi yao, wakaunda chama. Programu haichoki wala haiundi chama. Nakubali tofauti hiyo, lakini inagusa sababu za kosa tu, haigusi umbo lake. Umbo la kosa la Thorpe lilikuwa ujumbe uliopokelewa kama amri bila mpokeaji kuweza kujua umetoka wapi. Angalia sasa jinsi eapd inavyozungumza na hakimu wake: kwa pakiti za UDP ndani ya ruta yenyewe, na UDP haimwulizi mtumaji kitambulisho. Watengenezaji walijitetea, kimyakimya, kwa hoja kwamba vyote vimo ndani ya sanduku moja, na aliyemo ndani ni mwenzetu. Ni hoja ya ofisi ya wilaya: aliyekaa kwenye meza ya karani lazima ni karani.

Mwaka 2019 hoja hiyo ilipata jeraha. Mtafiti wa kampuni ya Quarkslab, Hugues Anguelkov, alieleza kasoro kadhaa katika draiva za chipu za Broadcom, na mojawapo ilikuwa hii: draiva ya Linux iitwayo brcmfmac ilikuwa na kipimo cha kutofautisha matukio yanayotoka kwenye chipu yake yenyewe na fremu zilizotumwa na mtu wa nje zikiwa zimevishwa sura ya matukio. Chipu ikiwa imeunganishwa kwa USB, kipimo hicho kiliweza kukwepwa. Yaani mgeni aliyeko barabarani angeweza kutunga taarifa, na ndani ya nyumba ikasomwa kama imetoka kwa mlinzi. Mwaka uliofuata ESET walitangaza Kr00k: chipu za Broadcom na Cypress, kifaa kikishatengana na mtandao, ziliendelea kurusha data iliyobaki kwenye foleni huku ufunguo ukiwa umeshafutwa na kuwa sifuri tupu. Tukio la kuondoka lilikuwa limefika upande mmoja wa chipu na halijafika upande mwingine. Brundall imeambiwa, Norwich haijui.

Haki itendeke kwa mpeleka habari pia, maana si kila ovu ni lake. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba namba ya WPS yenye tarakimu nane inakaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio yanayohitajika ili kuipata ni 11,000 tu badala ya mamilioni. Katika kisa hicho taarifa zilifika salama, kwa usahihi, kila mara; hakimu ndiye aliyekuwa mzembe. Na KRACK ya mwaka 2017, iliyogunduliwa na Mathy Vanhoef, iko katikati: ujumbe wa tatu kati ya zile jumbe nne ukirudiwa, mpokeaji alikuwa anaufunga ufunguo uleule upya na kuanza kuhesabu kutoka mwanzo. Kanuni ilikuwa imetegemea kwamba ujumbe unaweza kupotea na kurudiwa, lakini haikuwa imefikiria vya kutosha kwamba anayeurudisha anaweza kufanya hivyo kwa makusudi. Hata hivyo visa hivi havivunji hoja yangu, vinaipangia mipaka. Mwombaji na hakimu walikuwa wamefanyiwa uchunguzi wa hisabati kwa miaka. Safari ya ujumbe kati yao ndiyo iliyoonekana kuwa jambo la mafundi wa bomba.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko yote hauko ndani ya ruta ya nyumbani bali katika RADIUS, itifaki ambayo kampuni ya Livingston ilianza kuitengeneza mwaka 1991 ili watu wanaopiga simu kuingia kwenye mtandao waulizwe majina yao mahali pamoja. Ndiyo inayobeba maswali na majibu kati ya mlango na seva kwenye vyuo, hoteli, kampuni za simu na mitandao ya pamoja kama eduroam, ambayo nchini Kenya inaendeshwa na KENET na nchini Uganda na RENU. Katika mpangilio huo hata mlinzi wa mlango ni mpeleka habari tu. Anapokea jibu la "mkubali" au "mkatae" na kutii. Jibu hilo lililindwa kwa hesabu ya MD5, ambayo wataalamu walikuwa wameionyesha kuwa imevunjika tangu mwaka 2004. Itifaki ikaendelea kutumika hivyohivyo. Julai 2024 watafiti walitangaza Blast-RADIUS: mtu aliyekaa katikati ya njia anaweza kuligeuza "mkatae" kuwa "mkubali" bila kulijua neno la siri la yeyote. Dawa yake, muhuri juu ya kila ujumbe, ilikuwa imeshaandikwa kwenye viwango miaka mingi nyuma, ila nje ya mitandao ya aina ya eduroam ilikuwa ya hiari. Tangu RADIUS ianze kutengenezwa hadi tangazo hilo ilikuwa imepita miaka 33. Reli ilichukua arobaini.

Ngamiani inaingia hapa kwa namna yake. Intaneti ya bei nafuu ilianza kufikirika Tanzania baada ya mkongo wa Seacom kuanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, na kabla ya hapo vibanda vya intaneti vilitegemea setilaiti na mteja alilipia dakika. Leo katika mitaa mingi ya miji ya Tanzania waifai inauzwa kwa vocha, ya saa, ya siku, ya wiki, na ruta za MikroTik zinatumika sana kwa biashara hiyo. Mara nyingi redio yenyewe huachwa wazi, bila neno la siri. Mteja akishaunganika anapelekwa kwenye ukurasa wa kuingiza namba ya vocha, na kuanzia hapo ruta inamtambua kwa anwani ya kifaa chake. Anwani hiyo kifaa kinaitaja chenyewe, hewani, kila mara, na kifaa kingine kinaweza kuisikia na kuitumia. Vocha imekaguliwa vizuri sana. Anayesema "mimi ndiye yule aliyelipa" hakaguliwi hata kidogo.

Serikali nayo ilipotaka kujua nani anatumia mtandao, ilianza na mwombaji. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye vibanda vya intaneti kuweka kamera na kuzipa kompyuta anwani za kudumu. Mwaka uliofuata ikaja amri ya kusajili laini za simu kwa alama za vidole. Watetezi wa hatua hizo watasema kwamba uhalifu wa mtandao hufanywa na watu, si na programu za nyuma ya pazia, na kwamba ukimjua mtu umemaliza kazi. Wana sehemu ya ukweli kwa makosa ya kawaida, kama matusi na utapeli wa "tuma kwa namba hii". Lakini kamera inapiga picha ya uso, haipigi picha ya fremu, na alama ya kidole haisafiri na ujumbe kama vile sahihi ya mkaguzi isingeweza kusafiri hadi Brundall. Ruta ya mtaani yenye programu ya zamani inayoamini kila tukio itamwandikia mteja halali jambo alilofanya jirani, na kumbukumbu zake zitapelekwa mbele ya sheria kama ushahidi safi. Anayeuza vocha anaweza kufanya mawili matatu bila gharama kubwa: kuweka neno la siri la WPA2 au WPA3 hata kama analibandika ukutani, ili kila kifaa kipate ufunguo wake; kuzima WPS; na kupakua toleo jipya la programu ya ruta pale mtengenezaji anapolitoa. Kwa ruta nyingi zilizopo, zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika, mtengenezaji aliacha kutoa matoleo mapya zamani.